Kikundi cha wanaoacha pombe Mtwara: ni kizuri, ila kukipata ni kazi

Kikundi hiki hakina bango barabarani, na ukiwauliza bodaboda wa Bima au Chikongola hawatakupeleka, maana hawakijui. Ndiyo sababu ninaandika. Nilipokuwa nakitafuta kwa ajili ya mdogo wangu, nilitamani sana mtu wa hapahapa Kusini anieleze kwa Kiswahili cha kawaida: pakoje, wanafanya nini mle ndani, wanataka hela kiasi gani, na je, mtu anapata nafuu kweli au anapotezewa jioni yake? Sasa nimekaa nao vya kutosha, mdogo wangu bado yumo, na ameniruhusu niyaseme yanayomhusu. Jina lake silitaji. Mtaa wanakokutana nao nauacha, kwa kuwa wenyewe wameomba hivyo, lakini nitaeleza namna ya kuwafikia.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea karibu na Soko Kuu. Mdogo wangu ni dereva wa lori, na msimu wa korosho anabeba magunia kutoka maghala ya Tandahimba na Newala kuleta bandarini. Watu wa huku mnaujua msimu ulivyo. Mabibo yakianza kudondoka, uraka, yaani pombe ya mabibo, unapatikana kila kichochoro kwa bei ya kutupa. Ikifika Oktoba minada inafunguliwa, malipo ya stakabadhi ghalani yanaingia kwenye akaunti za watu, na vilabu vinajaa mpaka nje. Wengi hunywa, wakacheka, wakarudi kulima. Mdogo wangu hakuwa katika hao wengi. Alianza na uraka wa kupakia mizigo, akaingia kwenye gongo, na miaka ile ya viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, ndiyo ilimmaliza kabisa, kwa sababu kiroba kinakaa mfukoni mwa shati na dereva anakifungua kwa meno huku anaendesha. Viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, kwa tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa hapa jirani, nyumbani tulisema alhamdulillah. Nafuu ilikuwepo, lakini mtu ambaye mwili umeshazoea hashindwi kutafuta. Alihamia kwenye vichupa.

Ilifika mahali asubuhi mikono inatetemeka, hawezi kushika kikombe cha chai mpaka azimue kwanza. Hapo ndipo ndugu walianza kuhangaika, na hangaiko la kwanza la familia nyingi huku ni dawa ya kuweka kwenye chai. Mnazijua. Mtu anaitangaza kwenye simu: dawa ya kuacha pombe, haina harufu wala ladha, unamwekea mlevi bila yeye kujua, siku saba anaichukia pombe. Shangazi yetu aliinunua kwa hela ya mauzo ya mbaazi. Mdogo wangu akatapika mpaka akalegea, moyo ukamwenda mbio, uso ukawa mwekundu, tukadhani tunampoteza. Alipopata nguvu alirudi kunywa, na zaidi ya hapo akawa haamini tena chakula cha nyumbani. Baadaye muuguzi alitueleza kuwa ipo dawa halali ya hospitali, disulfiramu, ambayo mtu akiinywa kisha akanywa pombe anapata hali kama hiyo, na kwamba haitakiwi kabisa apewe mtu bila yeye mwenyewe kujua na kukubali, kwa sababu inaweza kumdhuru vibaya. Sasa ile ya kwenye chupa isiyo na jina sijui ilikuwa na nini ndani. Naomba tu wenye nyumba zenye tatizo hili msiweke kitu kwenye chai ya mtu.

Muuguzi huyo ndiye aliyetuonyesha kikundi. Nilimkuta kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya serikali, nikiwa nimekwenda peke yangu, mdogo wangu amekataa kuja. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakunikatiza. Kisha akasema, "Dada, kabla ya kikundi tuanze na mwili. Nikuulize, anakunywa kila siku? Asubuhi anatetemeka?" Nikajibu ndiyo. Akaniambia basi asiache ghafla akiwa nyumbani.

Hili ningependa lijulikane Mtwara na Lindi nzima, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akikata pombe kwa ghafla, saa chache tu baadaye anaanza kutetemeka, kutoka jasho na kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za mwanzo anaweza kupata kifafa, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanachanganyikiwa, wanaona wadudu na watu wasiokuwepo, homa inapanda, na hali hiyo inaua. Mtaani watu wakiyaona hayo wanasema amerogwa au pombe imempanda kichwani, wanamfunga kamba. Kule nyuma ya kwetu kijana mmoja alifungiwa chumbani na kaka zake wenye nia njema ili aache, usiku akaanguka kifafa, wakamkimbiza hospitali alfajiri. Alipona. Hospitalini matibabu yake yanajulikana na si ya ajabu: diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, vitamini B1 kwa wingi, maji, chakula na mtu wa kumwangalia. Kwa hapa Mtwara hospitali ya rufaa ya mkoa ni Ligula, kwa Lindi ni Sokoine, na ile kubwa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo. Nendeni huko kwanza. Kikundi hakitoi dawa na hakijifanyi kinatoa.

Mdogo wangu alikubali kwenda baada ya tajiri wake kumnyang'anya funguo za lori. Muuguzi akamsomea karatasi ya maswali 10, yale ya Shirika la Afya Duniani: unakunywa mara ngapi, ukianza unaweza kujizuia, asubuhi unahitaji kuzimua, kuna mtu ameumia kwa sababu ya unywaji wako. Kila jibu lina alama, jumla inaweza kufika 40, na kuanzia 8 tayari ni unywaji wa hatari. Yake ilipita 20. Akalazwa. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi akamwandikia namba ya simu nyuma ya cheti na kumwambia, "Kaka, mwili tumeushusha. Kichwa utakishusha na hawa. Mpigie leo hii, usingoje kesho."

Namba hiyo ni ya mzee mmoja mvuvi. Hapa ndipo lawama yangu ya kwanza inaingia. Simu ilikuwa haipatikani mchana kutwa, kwa sababu mzee anakuwa baharini. Tulimpata jioni. Mtu aliyetoka hospitali leo, mwenye kiu ya leo, mchana kutwa ni mrefu mno kwake. Nimeshawaambia, na sasa wanatoa namba mbili, ya mzee na ya kijana mwenye duka la vipuri ambaye simu yake iko hewani muda wote. Ukienda kliniki uliza zote mbili.

Sasa chumba chenyewe. Ni darasa la chekechea nyuma ya ukumbi wa kanisa, na viti ni madawati ya watoto. Wanaume wazima wamekaa magoti yanakaribia kidevu. Ukutani kuna irabu zimechorwa kwa rangi, a ya ananasi, e ya embe. Feni moja, haifanyi kazi, na Machi joto linakuwa kali. Kwenye meza ya mwalimu kuna birika la chai ya tangawizi, vikombe vya plastiki, na karatasi ndefu iliyoandikwa kwa mkono kisha ikafunikwa nailoni ili isichakae. Hiyo ndiyo inasomwa mwanzo wa kila kikao, kwa zamu, na anayesoma si lazima awe msomi. Nimemsikia mtu akiisoma silabi moja moja na hakuna aliyemharakisha.

Wanakutana Jumamosi saa kumi jioni hadi saa kumi na moja na nusu, na Jumatano muda huohuo. Saa wanaifuata. Wameuchagua muda huu ili Waislamu wawahi Magharibi bila kukimbizana, na katika Ramadhani wanavuta nyuma kikao kiishe mapema watu wakafuturu makwao. Jambo la dini naliweka wazi kwa sababu lilinikwaza mwanzoni. Mji wetu una Waislamu wengi, na mtu akionekana anaingia uani kwa kanisa kila Jumamosi maneno yanaanza: kabatizwa. Mama yetu alinipigia simu kutoka Mikindani analia. Nikaenda kukaa mwenyewe ili nijue. Wanafuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, wenye hatua 12, na ndani yake Mungu anatajwa, lakini kila mtu anaachiwa amwelewe kwa imani yake. Mwisho wa kikao kuna dua fupi ya kuomba utulivu kwa yasiyobadilika, ujasiri kwa yanayobadilika, na hekima ya kutofautisha. Wengine wanaisema kwa sauti, wengine wananyanyua mikono na kuomba yao kimyakimya. Hakuna mahubiri, hakuna maji ya baraka, hakuna kombe. Kanisa limetoa chumba tu. Nilimchukua mama siku ya kikao cha wazi akaona mwenyewe, na tangu hapo anamkumbusha mdogo wangu saa ya kwenda.

Kikao kinaendaje? Mzee anafungua. Mgeni akiwepo, anamweleza kwa ufupi mambo haya yalianzia wapi, na namna anavyolisimulia ndiyo iliyomshika mdogo wangu. Mwaka 1935, Marekani, mji wa Akron katika jimbo la Ohio. Mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, Bill Wilson, amekwenda kule kwa dili, dili limekufa, yuko peke yake hotelini, ameacha pombe kwa miezi michache tu na baa anaisikia inavyochangamka. Badala ya kuingia, akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa dini wa mji ule kuuliza kama wanamjua mlevi yeyote anayeweza kuzungumza naye. Mlevi, si daktari wala mchungaji. Akaunganishwa na Bob Smith, ambaye alikuwa daktari wa upasuaji na mlevi pia. Wakakaa, wakaongea saa nyingi. Juni mwaka huohuo yule daktari akanywa kinywaji chake cha mwisho, na kikundi kikaanzia hapo. Mzee akifika mwisho anamtazama mgeni na kusema, "Kwa hiyo mwanangu, hapa hatukusaidii. Tunasaidiana. Mimi nikikaa nyumbani leo nitakunywa."

Kisha kila anayetaka anasema. Anataja jina la kwanza tu, anasema yeye ni mlevi, anaongea ya kwake. Hakuna anayemjibu, hakuna ushauri, hakuna "kwa nini hukufanya hivi". Ukimaliza wanasema asante, zamu inapita. Asiyetaka kusema anakaa kimya na hakuna atakayemuuliza. Mdogo wangu alikaa kimya vikao vingi. Ninachokiona mimi ni kwamba sisi ndugu tulimsema sana, na tulikuwa na haki ya kusema, lakini maneno yetu alikuwa ameshayazoea. Pale alisikia mtu mwingine akisema mambo yaleyale yaliyo kifuani mwake, na mtu huyo amevaa shati safi na ameweza kunywa chai bila kikombe kugongana na meno.

Mmoja wao ni mchonga vinyago, Mmakonde, fundi kwelikweli. Anachonga vipande vya mpingo vya duara, ukubwa wa kifungo cha koti, vimesuguliwa mpaka vinang'aa, upande mmoja kuna mkato. Mkato mmoja ni mwezi wa kwanza, miwili ni miezi mitatu, na kuendelea. Mtu anapewa mbele ya wenzake, wanampigia makofi, basi. Chake mdogo wangu anakifunga kwenye mkufu wa funguo za lori. Nilikishika nikakigeuza, nikaona ukingo wake umeshaanza kulainika kwa kusuguliwa na kidole gumba. Aliniambia akipita Mnazi Mmoja pale njia panda, ambapo alikuwa anasimama kunywa, mkono unakitafuta wenyewe.

Na ameteleza. Lazima niliseme, nisije nikawauzia watu kitu ambacho hakipo. Msimu wa korosho ulirudi, lori likakwama foleni ya ghala Tandahimba siku tatu, wenzake wakatoa uraka, naye akanywa. Wa nyumbani tukavunjika moyo. Nilidhani watamnyang'anya kile kipande. Hawakumnyang'anya. Alirudi Jumamosi, akasema, wakasema asante, akaanza kuhesabu upya. Kitu kilichobadilika ni kwamba mlezi wake, ndivyo wanavyomwita mtu mzoefu anayemshika mkono mgeni, alimwekea sharti la kupiga simu kabla ya kunywa, si baada. Safari iliyofuata alipiga, saa nane usiku, yuko kulekule Tandahimba. Mlezi alipokea, wakaongea mpaka dakika za mdogo wangu zikaisha, naye mlezi akampigia kwa zake. Asubuhi walipakia, akarudi mzima. Ukiniuliza unachokwenda kupata kwenye kikundi hiki, ni mtu anayepokea simu saa nane usiku na anajua unachokisema.

Gharama. Hakuna kiingilio, hakuna fomu, hakuna kitambulisho. Sharti moja tu: uwe unataka kuacha. Katikati ya kikao linapita kopo la maziwa lenye tundu, mwenye chochote anatia, mgeni anaambiwa asitie. Hela hiyo ni ya chai, sukari na kumshukuru mlinzi. Michango ya watu wa nje hawapokei kabisa. Mgombea mmoja alitaka kuwaletea viti vya plastiki wakati wa kampeni, wakamshukuru wakamrudishia. Mimi mwenyewe nilitaka kuwashonea mapazia, wakakataa kwa adabu. Nilikasirika kidogo, baadaye nikaelewa: hawataki mtu yeyote awe na la kuwadai. Linganisha na nyumba moja ya kuacha ulevi huko mji mkubwa, ambayo ilitutajia ada ya mwezi inayozidi mshahara wa dereva, na kutaka ya miezi mitatu mkononi kabla hawajamwona mgonjwa.

Siri. Mtwara ni ndogo, wote tunajuana, na hili ndilo linalowazuia wengi. Nitasema nililoliona. Kuna mteja wangu wa siku nyingi, mtumishi mwenye heshima zake, niliyemkuta mle ndani. Tuliangaliana, nikashusha macho. Baadaye alikuja dukani kwangu kupima suruali ya ofisini. Hakusema kitu, nami sikusema. Nilizungusha utepe kiunoni, nikafungua daftari la vipimo vyake vya zamani, na kiuno kilikuwa kimeongezeka inchi mbili, mapaja nayo yamejaa. Nikaandika namba mpya. Amelipa, ameondoka, na hadi leo hatujawahi kulizungumza. Sheria ya pale ni kwamba unayemwona pale na unayoyasikia pale yanabaki pale, na kwa muda wote niliokaa nao sijasikia neno la mle ndani likitembea sokoni, na sokoni ndiko ninakokaa mimi.

Ndugu hatuingii kila kikao. Vikao vingi ni vya wanaoacha peke yao. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya wazi, yeyote anakaribishwa, na siku hiyo wake, mama na dada wanakaa kando nusu saa kwenye baraza. Marekani nako wake wa walevi walianzisha kikundi chao mwaka 1951, Al-Anon, na chetu cha barazani kinafuata fikra hiyohiyo: ulevi wa ndugu yako hukuusababisha wewe, huwezi kuuendesha, na huwezi kuuponya. Kwa mama yetu hili lilikuwa zito. Alikuwa akilipa madeni ya grosari ili mwanawe asitukanwe. Wenzake pale barazani walimwuliza taratibu, "Mama, ukilipa wewe, yeye analipa nini?" Hakujibu siku ile. Mwezi uliofuata mwenye grosari alipokuja, alimwambia asubiri dereva arudi.

Yasiyonipendeza nayo yapo. Kutoka stendi ya bajaji mpaka pale unapita mbele ya baa zisizopungua tatu, na saa kumi ya Jumamosi nyama inachomwa na muziki uko juu. Kwa mtu wa wiki ya kwanza ile ni safari ndefu. Wanachofanya, mmoja wao mwenye bajaji anasubiri wageni stendi na kuwapeleka bila nauli, lakini lazima uwe umepiga simu kabla. Pia kuna mtu au wawili wanaoongea muda mrefu mno na mzee ana haya ya kuwakatiza. Na kwa walioko mbali ni shida tupu. Masasi ni kilomita kama 200, Newala na Nanyumbu huwezi kuja na kurudi siku moja ukabaki na hela ya kula. Lindi mjini wapo wanaokuja mara chache, wanapanda basi asubuhi. Ukiwa huko, wenyewe wanashauri usingoje kikundi kizima: wawili wanatosha kuanza, mkutane sehemu isiyouza pombe, mpige simu Mtwara wawatumie nakala ya ile karatasi. Ipo pia mikutano ya Alcoholics Anonymous ya kwenye intaneti, saa zote. Mdogo wangu alijaribu na bando langu. Mingi ni ya Kiingereza, na mtu anayetaka kusema yaliyomo moyoni anahitaji kuyasema kwa lugha aliyoyapatia. Kwa anayekijua Kiingereza vizuri na yuko Liwale au Nachingwea, ajaribu, si haba.

Ningekuwa wa kutoa nyota, ningetoa nne, na ile ya tano naizuia kwa jambo la wanawake. Wanawake wanaokuja ni wawili tu, na siyo kwamba wanaokunywa ni wawili tu. Mmoja wao amenituma niliseme hili. Yeye alikuwa mpishi wa uraka. Kwa uraka alisomesha watoto hadi sekondari, na mpishi lazima aonje, kuonja kukawa kunywa. Mwanamume akiacha pombe anaacha kinywaji. Yeye kuacha kulikuwa kuvunja jiko, kupoteza wateja, na kuulizwa na mumewe ada itatoka wapi. Sasa anakaanga samaki na kuuza jioni, faida ni ndogo kuliko ya uraka, na msimu wa mabibo ukifika majirani wanamletea ndoo zilizojaa wakimbembeleza awapikie. Mambo hayo hawezi kuyasema mbele ya wanaume ishirini, baadhi yao waliokuwa wateja wake. Na saa kumi jioni ndiyo saa ya mwanamke kuwasha moto wa chakula cha usiku.

Kwa hiyo wanataka kikao chao wenyewe, saa nne asubuhi, siku ya kazi, waume wakiwa wametoka na watoto wako shule. Wanatafuta chumba: kisiwe kanisani wala msikitini, kisiwe jirani na kilabu, na kiwe na mlango wa nyuma. Kodi watalipa kwa kopo lao. Duka langu ni dogo, haliingii zaidi ya cherehani mbili na meza ya kukatia. Mwenye chumba Shangani, Chuno, Magomeni au Majengo aende kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, aulize namba za kikundi, aseme ni kuhusu chumba cha wanawake.